Bibi Afya Anajibu: Korona imeisha, sabuni imeenda wapi?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, maji na usafi wa nyumbani baada ya korona. Kuna wanaolalamikia bili, kuna wanaolalamikia mke, na kuna mzee mmoja amelalamikia nyumba nzima. Shirika la Afya Duniani lilisema rasmi kwamba korona ni janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, na hali ya dharura likaiondoa tarehe 5 Mei 2023, kwahiyo miaka mitatu na ushee watu wazima tulikuwa tunafundishwa kunawa upya kama watoto wa chekechea, na sasa kila nyumba imebaki na vipande vyake vya yale mafunzo, vingine vya maana sana na vingine ni kujichosha tu. Nimechagua barua chache, zilizokuwa ndefu nimezipunguza, msininunie.

Shikamoo Bibi Afya. Mimi ni mama wa watoto watatu, mume wangu anafanyia kazi nyumbani tangu kipindi kile cha lokdauni na mpaka leo hajarudi ofisini. Bili ya maji ilipanda 2020 na haijawahi kushuka. Yeye anasema ni mimi na watoto na kunawanawa kwetu, mimi nasema ni yeye kushinda nyumbani. Tuamulie.
*Mama wa watatu*

Marahaba mama. Nitaamua, ila mmoja wenu hatafurahi.

Chukueni bomba la kawaida linalotoa lita 6 kwa dakika, mengi yanatoa zaidi ya hapo. Mtu anafungua, analowesha mikono, anapaka sabuni, anasugua zile sekunde 20 alizofundishwa, anasuuza, na bomba liko wazi muda wote. Hizo ni kama sekunde 40, lita 4 zimeshaenda. Mko watano, kila mtu akinawa mara kumi kwa siku ni lita 200, sio mchezo. Sasa mtu yuleyule afunge bomba wakati anasugua, anatumia lita 2, nyumba nzima lita 100, na akilifungua nusu badala ya kulifungulia mpaka mwisho zinapungua tena. Anayenawa kwa kopo anaweza kumaliza na nusu lita na mikono ikatakata vilevile, maana kazi kubwa inafanywa na sabuni na kule kusugua, maji ni ya kulowesha mwanzoni na kuondoa povu mwishoni.

Tuje kwa baba sasa. Mtu aliyekuwa anashinda ofisini alikuwa anatumia choo cha ofisini, ananawa huko, vikombe vyake vinaoshwa huko na bili analipa mwajiri. Akihamia nyumbani vyote vinahamia naye. Choo cha zamani kinameza lita 9 na zaidi kila ukiflashi, vya kisasa kama 6, basi akiflashi mara nne za ziada kwa choo cha zamani ni lita 36, ya mtu mmoja, na bado sijahesabu kikombe kipya kila anapokunywa kitu kana kwamba cha mwanzo kimeoza (nawajua hawa).

Hii sio ya nyumba yenu tu. Mji wa Joinville kule Brazil watafiti walilinganisha matumizi ya maji kabla na baada ya watu kuambiwa wakae ndani mwaka 2020, wakakuta majumbani yamepanda kama asilimia 11, kwenye biashara yameshuka asilimia 42 na viwandani 53. Kaskazini mwa Ujerumani majumbani yalipanda asilimia 14 hivi. Sehemu nyingi walioendesha mitambo ya maji waliona hata ule muda wa asubuhi ambao kila mtu yuko bafuni umesogea mbele, watu hawawahi tena basi wala treni. Maji yalihama kutoka kazini kuja nyumbani, na mwenye kulipa akabadilika.

Hukumu yangu ni hii. Kama mnanawa na bomba liko wazi, mumeo ameshinda kesi. Mkianza kulifunga wakati wa kusugua mnapunguza makosa, na mkinawa kwa kopo kesi inamgeukia yeye.

Ila mama, bili iliyopanda miaka yote hiyo na haijashuka hata watoto waliporudi shule inanitia wasiwasi mwingine kabisa, mimi ningeshuku choo. Raba ya ndani ya lile tanki la choo ikichakaa maji yanachuruzika kimyakimya mchana na usiku, na choo kibovu kinaweza kupoteza mamia ya lita kwa siku moja bila mtu kusikia chochote. Tia matone ya rangi ya chakula ndani ya tanki, msiflashi kwa nusu saa, mkikuta rangi imeshuka kwenye bakuli mtuhumiwa wenu amepatikana. Au usiku kabla ya kulala andika namba ya mita, asubuhi kabla mtu hajagusa bomba uiangalie tena. Ikiwa imesogea, na hakuna aliyeamka usiku, ombeaneni msamaha halafu itisheni fundi.

Bibi Afya habari. Mke wangu tangu korona hajaachana na jiki. Anapuliza kitasa cha mlango, anapuliza viatu, mzigo ukija anapuliza boksi, na juzi ameichanganya na dawa ya kusafishia choo eti ziongezeane nguvu, tukakohoa nyumba nzima mpaka tukatoka nje. Nikisema kitu naitwa mchafu.
*Mchafu wa nyumba*

Kaka, mambo ya viatu tutayarudia, kwanza hiyo ya kuchanganya iishe leo. Jiki ni klorini. Dawa nyingi za choo zina asidi, na klorini ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, gesi ileile iliyotumika kuua watu kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Siki nayo ni asidi, kwahiyo zile video za siki na jiki msizifuate. Ukiichanganya na kitu chenye amonia, kama baadhi ya dawa za kufutia vioo, unapata gesi nyingine nayo inachoma mapafu. Hakuna nguvu inayoongezeka hapo zaidi ya nguvu ya kuwatoa nje, na mlifanya vizuri kutoka.

Wala mkeo sio wa kwanza. Marekani, miezi mitatu ya kwanza ya 2020, simu za watu waliodhurika na dawa za usafi kwenye vituo vya sumu ziliongezeka kama asilimia 20 ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Baadaye taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, CDC, ikahoji watu wazima 502, asilimia 39 wakakubali wamefanya angalau kitu kimoja cha hatari, kuosha chakula kwa klorini, kujipaka dawa ya sakafu mwilini, na vingine ambavyo sitaviandika hapa mtu asije akajaribu. Watu waliogopa na chupa ilikuwa karibu, basi.

Halafu kuna hili ambalo mkeo hakuambiwa vizuri na si kosa lake. Machi 2020 ulitoka utafiti wa maabara unaoonyesha virusi vya korona vinaweza kuonekana kwenye plastiki mpaka saa 72 na kwenye kadibodi mpaka 24. Habari ile ilizunguka dunia nzima kwa siku mbili tatu, kila mtu akaanza kuosha mifuko. Ila maabara wanamimina virusi vingi makusudi kwenye kipande cha plastiki, hakuna mtu anakufanyia hivyo kwenye boksi lako. Aprili 2021 CDC walewale wakasema uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye virusi kwa kawaida ni chini ya mara 1 kwa kila mara 10,000, ugonjwa ule unasafiri zaidi kwa hewa mnayopumua pamoja. Hiyo habari ya pili haikutembea kama ya kwanza. Ndo maana unakuta nyumba madirisha yamefungwa kabisa halafu viatu vinanuka klorini.

Kwahiyo viatu muache avipumzishe, na maboksi pia, mfungue mzigo mtupe boksi mnawe mikono, imeisha hiyo. Jiki ina kazi zake za kweli: choo, sakafu ya bafu, pale mtu alipotapika au kuhara, vitu vya mgonjwa. Na hata hapo uchafu uondolewe kwanza kwa maji na sabuni, klorini ikikutana na uchafu inaishia kwenye uchafu. Kama lebo inasema asilimia 5, mililita 20 yaani vijiko vinne vya chai ndani ya lita moja ya maji zinatosha kwa sehemu za kawaida. Maji yawe ya baridi. Unafuta, unaiacha kidogo bila kukausha, dakika kumi ikiwezekana, unasuuza. Iliyobaki kesho usiitegemee, inapoteza nguvu. Madirisha wazi, glavu mkononi, na watoto wawe mbali.

Kuhusu kuitwa mchafu, chukua wewe zamu ya kusafisha choo wiki moja. Mengine yatajirekebisha.

Mama shikamoo. Nyie mnaosema funga bomba, mna bomba. Sisi maji tunayafuata na madumu, siku mbaya tunapata madumu mawili ya lita 20 na tuko watu wanne. Hivi kweli na sisi tunawe mara kumi?
*Mbeba dumu*

Marahaba mwanangu, na umenikamata vizuri.

Lita 40 kwa watu wanne ni lita 10 kwa mtu, ya kunywa, kupika, kuoga, kufua, choo, kila kitu. Watu wa misaada ya dharura, wale wanaopokea wakimbizi, kipimo chao cha chini ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Shirika la Afya Duniani linaweka lita 20 kama hali ya msingi ya kupata maji na 50 kama hali ambayo usafi wa mwili na chakula angalau unawezekana. Kwahiyo wewe siku mbaya uko chini ya vipimo vyote, na hauko peke yako, hesabu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ni kwamba watu bilioni 2.3 walikuwa hawana sehemu ya kunawia yenye maji na sabuni nyumbani kwao, na kati yao milioni 670 walikuwa hawana sehemu ya kunawia kabisa, hata kopo la kutundika. Yale matangazo ya nawa mara kwa mara kwa maji tiririka yaliandikwa na mtu mwenye sinki.

Kwahiyo hapana, usihesabu mara. Hesabu nyakati. Baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula au kulisha. Hizo msiziache hata siku ya dumu moja. Kunawa kwa sabuni nyakati hizo kunapunguza magonjwa ya kuhara kwa kama theluthi moja, na kuhara kulikuwepo kabla ya korona na bado kupo. Ukiwa na mafua au kuna ugonjwa unazunguka, ongeza ukitoka nje na ukishapiga chafya. Mengine yote yanasubiri siku maji yakiwepo.

Halafu tengenezeni kibuyu chirizi kama hamna. Dumu dogo la lita 5 au 3, toboa tundu dogo karibu na mdomo, litundike kwenye mti, funga kamba kwenye mdomo wa dumu ishuke mpaka kijiti cha chini cha kukanyagia. Unakanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika kidogo kidogo, ukiachia yanasimama yenyewe. Mikono michafu haigusi dumu na hakuna anayesahau kufunga. Mimi naona hii imeshinda masinki mengi ya bei mbaya.

Sabuni ya kipande ikiisha haraka au ikiibiwa, chukua chupa ya lita moja na nusu, tia sabuni ya unga kama gramu 30, yaani vijiko viwili vikubwa, jaza maji, tikisa, toboa kizibo, itundike hapohapo. Inatoa povu la kutosha na unamwaga kidogo tu kila mara. Ikikosekana sabuni kabisa majivu safi yanasaidia kusugua, hayafikii sabuni lakini ni bora kuliko maji matupu. Na msinawe wote ndani ya beseni moja, wa kwanza anatoka msafi na wa nne anachukua vya wote watatu, miminianeni kwa kopo, maji ni yaleyale.

Maji ya kunawia na ya kufulia yakingeni kwenye ndoo, yaende chooni. Yale ya kunywa yakae kwenye dumu lenye mdomo mwembamba na kifuniko, watu wamimine wasichote, kikombe kikiingia na mkono unaingia nao. Hapa wengi waliharibikiwa kipindi cha korona, walianza kuhifadhi maji mengi kwenye mapipa kwa hofu ya kukatika, pipa likakaa wazi, mbu wa dengi akataga, maana yule mbu anapenda maji masafi yaliyotulia na yai mpaka mbu anayeruka inachukua kama wiki moja hivi. Funikeni, na kila wiki sugueni kuta za pipa kwa ndani, mayai yake yanang'ang'ania ukutani hata ukimwaga maji.

Anti, maji ya moto yanaua virusi zaidi? Na sanitaiza je, na zile sabuni zilizoandikwa zinaua bakteria?
*Mwanafunzi mvivu*

Hapana, ndiyo, hapana. Haya nifafanue kidogo.

Maji ya moto ya kuua kijidudu yatakubabua wewe kwanza, kwa mikono baridi na moto ni sawa, tumia yaliyopo. Sanitaiza ni nzuri ukiwa njiani na mikono haina uchafu wa kuonekana, iwe na pombe asilimia 60 au zaidi, ipake mpaka ikauke yenyewe. Usinunue isiyo na lebo, mwaka 2020 Marekani waliondoa sokoni nyingi walizokuta zina methanoli, na hiyo ni sumu, inapofua macho. Na kuna virusi vya kutapika na kuhara, norovirusi, ambavyo sanitaiza haiviwezi vizuri, sabuni na maji vinavisukuma tu vinaenda zake. Virusi vya korona vimevikwa utando wa mafuta, sabuni inaupasua, kwahiyo sabuni yoyote inafaa, ya kufulia, ya kuogea, ya kipande, ya maji. Hizo za kuua bakteria ni kulipia maneno, mwaka 2016 Marekani ilipiga marufuku dawa 19 zilizokuwa zinatiwa kwenye sabuni hizo kwasababu watengenezaji walishindwa kuonyesha zinazidi sabuni ya kawaida.

Bibi Afya, nimerudi kwenye nyumba iliyokuwa imefungwa miezi mingi. Bafuni kuna harufu kama ya mtaro na maji ya bomba yametoka na rangi ya kutu. Nyumba ina shida au ni mimi?
*Nimerudi*

Karibu tena nyumbani. Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, maana kipindi cha lokdauni maofisi, mashule na mahoteli yalikaa hivyohivyo bila mtu kufungua bomba, na maji yaliyolala ndani ya mabomba yanaharibika.

Tuanze na harufu. Chini ya sinki na chini ya lile tundu la sakafuni kuna kona ya bomba yenye umbo la U. Ile kona kazi yake ni kubaki na maji kidogo muda wote, yale maji ndiyo kizibo kati ya bafu lako na bomba la maji machafu. Usipotumia bafu muda mrefu yanakauka, na kila kilichopo kule chini kinapanda juu, hewa, mende, harufu. Mwaka 2003 wakati wa SARS, ambayo ni ndugu wa korona hii, kule Hong Kong kuna majengo ya ghorofa yanaitwa Amoy Gardens, watu zaidi ya 300 waliambukizwa, na wachunguzi walipofuatilia wakakuta matundu mengi ya sakafu za bafu yalikuwa yamekauka, watu walikuwa wanapiga deki badala ya kumwaga maji, halafu feni za bafuni zikawa zinavuta hewa kutoka kwenye mabomba ya vyoo vya majirani. Virusi vilipanda ghorofa kwa njia ya bomba la choo! Baada ya pale wakazi wakaelekezwa kumimina maji kwenye yale matundu mara kwa mara. Kati ya masharti yote ya usafi yaliyotoka kwenye magonjwa haya, hili mimi nalipenda kuliko yote, nusu lita ya maji kwa wiki, hata yaliyotoka kufua, na kazi imekwisha. Na kama kuna bafu la wageni halitumiki, ufanye hivyohivyo.

Kuhusu kutu, usinywe hayo ya mwanzo wala usipikie. Fungua bomba moja moja uyaache yaende dakika kadhaa mpaka yawe meupe na ya baridi, yakinge kwenye ndoo yatakufaa kupiga deki na choo. Shawa uiache mwisho, na usisimame chini yake mara ya kwanza, ishushe ndani ya ndoo au ivike mfuko, fungua dirisha, uiache itoke. Sababu yake ni bakteria anaitwa Lejonela, anapenda maji ya uvuguvugu yaliyosimama, hakudhuru ukimnywa bali ukivuta ule mvuke wa matone madogo, anakupa nimonia. Aligundulika baada ya wageni wa hoteli moja Philadelphia, kule Marekani, kuugua kwa wingi mwaka 1976. Na tanki la juu kama lilibaki na maji miezi yote hiyo limwage, lisuguliwe, lijazwe upya. Nyumba haina shida, ilikuwa na kiu tu.

Mikono yangu imekuwa kama gome, inapasuka na kuuma. Niache kunawa?
*Muuguza mama*

Usiache, pole sana. Acha dawa za sakafu na sabuni kali ya unga kwenye mikono, nawa kwa sabuni laini na maji ya kawaida, suuza vizuri maana povu likibaki kati ya vidole ndilo linalochubua, kausha kwa kugandamiza taulo bila kusugua, hapohapo paka mafuta mazito ya mgando. Usiku paka mengi, vaa glavu za pamba ulale. Usinawe na kupaka sanitaiza juu yake, moja inatosha. Ikianza kutoa maji au usaha nenda hospitali, ngozi iliyopasuka inabeba vijidudu zaidi ya ngozi nzima.

Mwalimu wetu, mimi nina wajukuu na watoto wakubwa nyumbani. 2020 kila mtu alikuwa ananawa mpaka tunagombania sabuni. Leo wanaingia kutoka nje wanakwenda moja kwa moja kwenye sufuria. Nimesema, nimegomba, nimebandika karatasi ukutani. Mbona hawa watu wamesahau haraka hivi?
*Babu mgomvi*

Shikamoo babu. Hawajasahau, hofu imewaisha, na ukimtegemea mtu anawe kwa hofu atanawa siku za hofu tu. Nikupe mfano ambao utakupoza. Kuna hospitali ya chuo kikuu kule Chicago ina mitambo inayohesabu yenyewe kama mhudumu akiingia au kutoka chumba cha mgonjwa amenawa. Kabla ya korona waliokuwa wananawa ni kama asilimia 55. Mwisho wa Machi 2020 wakapanda mpaka zaidi ya 90. Agosti mwaka uleule, korona ikiwa bado inaua watu, walikuwa wamerudi 51 hivi. Hao ni madaktari na manesi, babu, wanalipwa kunawa, sasa wajukuu wako utawalaumu kwa lipi.

Sasa angalia kilichodumu kwenye magonjwa ya zamani. Marekani zamani kwenye treni, shule na visima vya mjini kulikuwa na kikombe kimoja kimefungwa mnyororo, kila mpita njia anakinywea hichohicho, mwenye kifua kikuu na asiye nacho. Walihubiriwa sana wakae mbali nacho. Mwaka 1909 jimbo la Kansas likapiga marufuku kile kikombe, majimbo mengine yakafuata, vikombe vya karatasi na mabomba ya kunywea kwa kuinama vikaingia mahali pake, na ilipofika homa kubwa ya mafua ya 1918 watu wakazidi kukichukia. Leo hata ukimlazimisha mtu hawezi kunywea kikombe cha mnyororo. Hakuna aliyekuwa anakumbushwa kila siku, kikombe kiliondolewa na kingine kikawekwa.

Sasa nyumbani kwako, babu, 2020 ndoo ya maji na sabuni vilikuwa wapi? Nina hakika vilikuwa mlangoni, mtu hapiti bila kuviona. Na leo viko wapi? Kama ni kama nyumba nyingi, ndoo imerudi kwenye kufua na sabuni iko bafuni nyuma ya pazia, mjukuu mwenye njaa azunguke nyumba nzima kutafuta sabuni wakati sufuria iko mbele yake, hata mimi nisingenawa. Hiyo karatasi ya ukutani wameshaacha kuiona tangu wiki ya kwanza, ibandue.

Weka sehemu mbili tu. Moja kati ya choo na kila kitu kingine, yaani mtu akitoka chooni akutane nayo kabla hajakutana na kitasa. Ya pili jikoni, karibu na sufuria kuliko vijiko. Kila sehemu iwe na maji yake, sabuni yake na taulo yake, na sabuni ya sehemu hii isihamishwe kwenda ile kwa sababu yoyote, hapo ndipo mambo huanza kuharibika, mtu anaiazima kuogea dakika mbili na haijarudi mpaka Pasaka. Kama kuna mdogo asiyefikia, kigoda. Chagua mtu mmoja kazi yake iwe kujaza maji, na usimpe yule mkorofi kama adhabu, mpe yule anayependa kusifiwa. Na wewe mwenyewe anza kunawa pale jikoni mbele yao kabla ya kila mlo, bila hotuba. Wale wadogo wataiga ndani ya muda mfupi. Watoto wakubwa wataona aibu kwanza, ndo wafuate. Yule mmoja ambaye kila nyumba anaye, hatanawa, huyo pakua chakula chake pembeni.